Maziwa ya mgando na afya ya moyo: Somo la Mediterania kwa mlo wa Usukuma

MLO wa wakazi wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania umesifiwa na madaktari wa moyo kwa zaidi ya nusu karne. Sifa hizo zimewafanya watu wengi waamini kuwa siri yake ni mafuta ya zeituni, samaki wa bei ghali na jibini za Ulaya, vitu ambavyo mkazi wa kawaida wa Kishapu, Kahama au Geita hawezi kuvimudu.

Ukweli ni tofauti. Mlo huo ulikuwa chakula cha wakulima na wafugaji maskini. Ukichambuliwa sehemu moja baada ya nyingine, unafanana kwa kiasi kikubwa na mlo wa asili wa Usukuma: nafaka isiyokobolewa, mikunde, mboga za majani, karanga, samaki na maziwa ya mgando.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni nafasi ya maziwa katika mlo wa namna hiyo. Je, maziwa ni rafiki wa moyo, au ni adui kwa sababu ya mafuta yake? Jibu lina uzito wa pekee katika mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako mifugo ni mingi, fedha ya dhahabu imebadili kile kinachowekwa mezani, na bado wapo watoto wengi waliodumaa.

Chimbuko la sifa

Aliyeupa mlo huo umaarufu ni Ancel Keys, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Marekani. Mwaka 1958 alianza utafiti mkubwa uliofuatilia afya ya wanaume katika nchi saba, zikiwamo Italia, Ugiriki, Ufini, Japani na Marekani kwenyewe.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Wanaume wa kisiwa cha Crete nchini Ugiriki walikufa kwa nadra sana kwa maradhi ya moyo, wakati wale wa mashariki mwa Ufini, waliokula siagi na kunywa maziwa yenye mafuta mengi kila siku, walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi.

Wanakijiji wa Crete walikula mkate wa nafaka isiyokobolewa, maharage na dengu, mboga za porini, matunda na mafuta ya zeituni. Nyama ilikuwa ya sikukuu. Maziwa yalikuwapo, lakini hayakuwa mengi, na kwa kawaida yaliliwa yakiwa mtindi au jibini kutoka kwa mbuzi na kondoo.

Mwaka 2010 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza mlo huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya Hispania, Italia, Ugiriki na Moroko.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka Hispania mwaka 2013, katika jaribio lililojulikana kwa jina la PREDIMED. Watu zaidi ya 7,400 wenye umri wa kati ya miaka 55 na 80 walishiriki. Waliopangiwa mlo wa Mediterania pamoja na mafuta ya zeituni au jamii ya karanga na lozi walipata kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo kitokanacho na maradhi hayo kwa kiwango pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko waliopewa ushauri wa kupunguza mafuta. Kasoro zilizogundulika katika namna washiriki walivyopangwa ziliwalazimu watafiti kurudia uchambuzi mwaka 2018, na hitimisho lilibaki karibu lile lile.

Ni vyema ikaeleweka kwamba jaribio hilo halikupima maziwa. Faida kubwa iliyoonekana ilitokana na mchanganyiko wa vyakula vya mimea na mafuta laini, na hapo ndipo mjadala wa maziwa unapoanzia.

Maziwa: Adui aliyesamehewa nusu

Kwa miaka mingi watafiti waliyatazama maziwa kwa shaka. Mwaka 2003, Antonia Trichopoulou na wenzake nchini Ugiriki walichapisha utafiti wa zaidi ya watu 22,000, wakitumia kipimo kinachompa mtu alama kwa kadiri anavyofuata mlo wa asili. Katika kipimo hicho, aliyetumia maziwa kwa wingi alikosa alama, sawa na aliyekula nyama nyingi.

Sababu ilikuwa mafuta yanayoganda yaliyomo katika maziwa. Mafuta ya aina hiyo huongeza lehemu, yaani kolesteroli, katika damu, na lehemu ikizidi huziba mishipa ya moyo na ubongo.

Mtazamo huo umelegea kiasi. Mwaka 2018 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wa PURE uliohusisha zaidi ya watu 136,000 katika nchi 21, Tanzania ikiwa mojawapo. Waliotumia zaidi ya vipimo viwili vya maziwa au mazao yake kwa siku walikuwa na viwango vya chini vya vifo na maradhi makubwa ya moyo kuliko wale ambao hawakutumia kabisa.

Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kuwa maziwa ndiyo yaliyowakinga, kwa kuwa anayemudu maziwa huenda pia anamudu mengine mengi. Hata hivyo, unaondoa hofu kwamba kikombe cha maziwa kwa siku ni sumu kwa moyo.

Mwaka huo huo, watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio dogo la watu 41 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo. Kwa majuma manane washiriki walikula mlo wa Mediterania ulioongezewa vipimo vitatu hadi vinne vya maziwa, mtindi au jibini kwa siku, na kwa majuma mengine manane wakafuata mlo wa mafuta kidogo. Shinikizo la damu lilikuwa chini kidogo katika kipindi cha mlo wa Mediterania wenye maziwa.

Idadi ya washiriki ni ndogo na tofauti haikuwa kubwa, lakini funzo lake linakubaliana na tafiti nyingine: maziwa hayaharibu mlo ulio mzuri, ila hayawezi kuuponya mlo ulio mbaya.

Kwa nini ya mgando

Miongoni mwa mazao ya maziwa, yale yaliyochachushwa ndiyo yenye sifa nzuri zaidi. Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya sukari yake, iitwayo laktosi, na kuigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo ndiyo huyapa maziwa uchachu, huyafanya yakae siku kadhaa bila kuoza, na huyafanya mepesi zaidi kwa tumbo.

Jambo hilo ni muhimu katika Afrika. Watu wengi wazima duniani hawana tena kimeng'enya cha kusaga laktosi walichokuwa nacho utotoni, hivyo wakinywa maziwa mabichi au ya moto hujaa gesi, husokotwa na tumbo au huharisha.

Mwaka 2007, timu ya watafiti iliyoongozwa na Sarah Tishkoff ilichunguza vinasaba vya watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Iligundua kuwa uwezo wa kusaga laktosi ukubwani ulijitokeza katika jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki kwa mabadiliko ya vinasaba yaliyo tofauti na yale ya Wazungu. Uwezo huo haukuenea sawa kwa kila jamii wala kwa kila mtu. Asiyeweza kunywa maziwa ya moto, mara nyingi anaweza kutumia mtindi bila tatizo.

Tanzania ina historia yake katika uchunguzi huu. Katika miaka ya 1960, daktari wa Marekani, George Mann, aliwapima Wamasai wa Tanganyika na kukuta lehemu yao ikiwa chini, licha ya maziwa mengi waliyokunywa. Baadaye alidhani kuwa maziwa yaliyochachushwa huenda yana kitu kinachoizuia lehemu. Suala hilo halikumalizika, kwa sababu Wamasai hao pia walitembea mwendo mrefu kila siku na hawakula kupita kiasi.

Hekima ya kibuyu

Usukuma haukusubiri maabara ili kuyagandisha maziwa. Ng'ombe wa asili hutoa maziwa kidogo, mara nyingi lita moja hadi tatu kwa siku baada ya ndama kupata sehemu yake, lakini maziwa hayo yana mafuta mengi kuliko yale ya ng'ombe wa kisasa kama Friesian.

Kwa desturi, maziwa hukusanywa katika kibuyu hadi yagande, kisha kibuyu hutikiswa mpaka mafuta yajitenge. Mafuta hayo huchemshwa na kuwa samli, ambayo hukaa miezi mingi bila kuharibika. Maziwa yanayobaki ndiyo huliwa kwa ugali.

Kwa jicho la lishe, njia hiyo ni ya busara kubwa. Inatenganisha kile kinachopaswa kutumiwa kwa kijiko na kile kinachoweza kunywewa kwa bakuli. Kinachobaki katika kibuyu ni maziwa ya mgando yenye mafuta kidogo, protini nyingi na kalsiamu karibu yote, yaani aina ile ile ambayo miongozo ya mlo wa Mediterania huipendekeza siku hizi.

Mfugaji wa Crete na mfugaji wa Maswa walikabiliwa na tatizo moja: joto na kiangazi kirefu bila jokofu. Mmoja alitengeneza jibini, mwingine akatengeneza mtindi na samli. Wote wawili walijikuta wakila maziwa yaliyochachushwa, kwa kiasi kidogo, pamoja na vyakula vya shambani.

Sahani kamili bila zeituni

Thamani ya maziwa huonekana zaidi yanapowekwa pamoja na vyakula vingine. Protini ya mahindi na mtama ina upungufu wa lisini, mojawapo ya viini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maziwa yana lisini nyingi. Ndiyo maana ugali kwa mtindi ni mlo wenye nguvu kuliko jumla ya vyakula hivyo viwili vikiliwa peke yake.

Kikombe kimoja cha robo lita kina takriban gramu 8 za protini na miligramu 300 za kalsiamu, karibu theluthi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Kina pia vitamini B12, ambayo haipatikani katika mimea.

Kwa upande mwingine, maziwa hayana nyuzinyuzi, yana madini ya chuma kidogo sana na vitamini C yake ni haba. Upungufu huo huzibwa na choroko, kunde, dengu na karanga, pamoja na mboga za majani, ziwe mbichi au zilizokaushwa kama nsansa. Michembe na matobolwa, yanayotokana na viazi vitamu vilivyokaushwa, huongeza wanga na nyuzinyuzi. Maembe, mapapai na ukwaju huleta vitamini, huku dagaa wa Ziwa Victoria, wanaoliwa na mifupa yao, wakiongeza kalsiamu na mafuta yanayofaa moyo.

Mafuta ya zeituni yaliyo ghali yana mbadala wa karibu. Karanga na mafuta ya alizeti ni ya jamii ya mafuta laini, yasiyoganda kwa baridi. Samli, kwa kuwa ni mafuta yanayoganda, inafaa ibaki kiungo cha kuongeza ladha na isiwe mafuta ya kukaangia kila siku.

Hivyo, mkazi wa Shinyanga anayekula ugali wa mtama au wa dona kwa kunde, mboga ya majani yenye karanga na bakuli la maziwa ya mgando, tayari anakula kwa kanuni zile zile za Mediterania bila kununua chochote kutoka ng'ambo.

Dhahabu na mabadiliko ya mlo

Sahani hiyo haipo tena katika kila nyumba. Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, ukafuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, miji ya ukanda huo imepanuka haraka. Buzwagi ulisitisha uzalishaji mwaka 2021, lakini Kahama ulikwisha kuwa mji mkubwa wa biashara. Kando ya migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo katika maeneo kama Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu.

Mchimbaji hana shamba karibu wala zizi. Hununua chakula kwa mama lishe au kibandani, na kinachopatikana kwa urahisi ni ugali wa sembe, wali, chipsi, maandazi na vinywaji vyenye sukari nyingi. Soda huchukua nafasi ambayo kijijini ingekuwa ya bakuli la maziwa. Kazi nzito huficha madhara kwa muda, lakini sukari, chumvi na mafuta ya kukaangia ndiyo msingi wa shinikizo la damu na kisukari katika umri wa makamo.

Mabadiliko hayo humgusa pia mtoto aliyebaki kijijini. Soko la machimboni linanunua maziwa, na dumu linaloondoka kwa baiskeli alfajiri huleta fedha za ada, dawa na chumvi. Fedha hizo zina kazi yake. Tatizo huja pale maziwa yote yanapouzwa na mtoto akabaki na uji mtupu.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na Mkoa wa Geita ulikuwa juu ya wastani huo. Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maradhi ya kuhara, maji yasiyo salama na uzazi wa karibu karibu. Hata hivyo, ukosefu wa vyakula vya asili ya wanyama katika miaka miwili ya kwanza ni mojawapo ya sababu kuu.

Ni kitendawili cha ukanda huo: nchi yenye zaidi ya ng'ombe milioni 30, na mkoa unaochimba dhahabu, lakini kikombe cha maziwa hakimfikii anayekihitaji kuliko wote.

Zebaki na mtindi wa Mwanza

Machimbo yana hatari nyingine. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatisha dhahabu, kisha huichoma ili ibaki dhahabu peke yake. Mvuke wake huingia mapafuni, na mabaki yake huishia katika udongo na maji. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, mradi wa kimataifa ulioratibiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) uliichagua Rwamgasa kuwa mojawapo ya maeneo ya uchunguzi, na dalili za sumu hiyo zilionekana hasa kwa wale waliokuwa wakichoma zebaki.

Zebaki hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni na kudhuru ubongo wake unaokua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kupunguza matumizi yake mwaka 2020.

Katika Mkoa jirani wa Mwanza, mtindi uliingizwa katika utafutaji wa kinga. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanawake wa kikundi cha Tukwamuane katika eneo la Mabatini, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), walitengeneza mtindi wenye bakteria maalumu aitwaye Lactobacillus rhamnosus GR-1. Bakteria huyo anaweza kushikana na baadhi ya madini yenye sumu ndani ya utumbo.

Matokeo ya jaribio lililofanyika Mwanza yalichapishwa mwaka 2014. Lilihusisha wajawazito 60 na watoto wa shule 44. Kwa wajawazito waliokula mtindi huo, ongezeko la zebaki na aseniki katika damu lilidhibitiwa kuliko kwa wale ambao hawakuupata. Kwa watoto, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kutegemewa.

Matokeo hayo hayamaanishi kuwa mtindi wowote ni dawa ya zebaki. Lilikuwa jaribio dogo la awali, na bakteria aliyetumika si lazima awemo katika kila kibuyu. Zaidi ya hayo, bakteria wa tumboni hawawezi kuuzuia mvuke unaovutwa kwa pua. Kinga ya kwanza inabaki kuwa kutoichoma zebaki nyumbani wala jikoni, na kuwaweka wajawazito na watoto mbali na sehemu za kuchomea.

Hatari ya maziwa mabichi

Faida zote zilizotajwa hupotea ikiwa maziwa yenyewe yana vimelea. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kutupa mimba, unaojulikana pia kama brusela, hutoa vimelea katika maziwa. Binadamu akiambukizwa hupata homa inayopanda na kushuka, jasho jingi usiku, uchovu na maumivu ya viungo na mgongo. Dalili hizo hufanana na za malaria au homa ya matumbo, hivyo mgonjwa anaweza kutibiwa kwa miezi mingi bila nafuu. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho huweza kupita katika maziwa mabichi.

Wapo wanaoamini kuwa maziwa yakishaganda yamekuwa salama. Imani hiyo si sahihi. Uchachu hupunguza baadhi ya vimelea, lakini hauna uhakika wa kuvimaliza vya brusela. Desturi ya kugandisha maziwa mabichi ndiyo sehemu ya hekima ya kibuyu inayohitaji kurekebishwa.

Marekebisho yenyewe ni mepesi. Viwandani maziwa hupashwa moto hadi nyuzijoto 63 kwa dakika 30, au nyuzijoto 72 kwa sekunde 15. Nyumbani, inatosha kuyachemsha yakitokota huku yakikorogwa, kuyafunika na kuyaacha yapoe hadi yawe vuguvugu. Baada ya hapo huongezwa vijiko vichache vya mtindi mzuri uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, ambao hufanya kazi ya chachu. Maziwa hufunikwa tena na kuachwa usiku mmoja.

Vyombo vina umuhimu wake. Dumu la plastiki lililowahi kuwa na mafuta ya kula ni gumu kusafishika, kwa kuwa mikwaruzo yake huhifadhi uchafu. Chombo cha chuma chenye mdomo mpana ni bora zaidi. Mnunuzi anayetilia shaka dumu la barabarani anaweza kuyachemsha maziwa mwenyewe, ingawa kuchemsha hakuondoi maji yaliyoongezwa wala mabaki ya dawa.

Kuhusu dawa, maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki hayapaswi kunywewa wala kuuzwa hadi siku zilizoelekezwa na daktari wa mifugo zimalizike. Mabaki ya dawa hizo huweza pia kuwaua bakteria wa kugandisha, kwa hiyo maziwa safi yanayokataa kuganda yanaweza kuwa ishara ya tatizo hilo.

Kiangazi na ngitili

Upatikanaji wa maziwa huko Shinyanga hufuata mvua. Masika huwa na maziwa mengi kiasi cha mengine kumwagika, na kiangazi huwa na uhaba. Suluhisho la asili la Wasukuma lilikuwa ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zake zitumike miezi ya ukame.

Ngitili nyingi zilipotea katikati ya karne ya 20 kwa ukataji wa miti na upanuzi wa mashamba. Mwaka 1986 Serikali, kwa msaada wa Norway, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliowahimiza wananchi kuzirejesha. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejeshwa.

Mradi huo hutajwa zaidi kwa mafanikio ya misitu, lakini ulihusu lishe pia. Nyasi za ngitili mwezi Septemba ndizo zinazoamua kama ng'ombe atakuwa na maziwa ya kumtosha ndama na mtoto wa nyumbani.

Nani anywe kiasi gani

Katika mijadala ya sekta ya maziwa nchini, lengo linalotajwa ni lita 200 kwa mtu kwa mwaka. Takwimu zilizotolewa hadi mwaka 2023 zilionyesha wastani usiofika lita 70. Kwa mtu mzima, kikombe kimoja cha robo lita kwa siku ni takriban lita 91 kwa mwaka, na vikombe viwili ni lita 182. Kiasi hicho cha kikombe kimoja hadi viwili ndicho kinachokaribiana na mapendekezo ya mlo wa Mediterania, na hakuna sababu ya kiafya ya kukizidisha sana.

Mtoto mchanga anahitaji maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, bila maji wala maziwa ya ng'ombe. Baada ya hapo, maziwa yaliyochemshwa yanaweza kuongezwa kidogo katika uji huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Maziwa ya ng'ombe hayafai kuwa kinywaji kikuu kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa yana madini ya chuma kidogo na humweka mtoto katika hatari ya upungufu wa damu.

Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walio katika umri wa kukua ndio wanaostahili kikombe cha kwanza. Ikiwa nyumba ina lita mbili kwa siku, kubakiza nusu lita kwa ajili yao kabla dumu halijafungwa ni uamuzi wenye faida kuliko fedha ya nusu lita hiyo.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au lehemu nyingi hana haja ya kuyakimbia maziwa. Anashauriwa kuchagua ya mgando yaliyotolewa mafuta, yasiyoongezwa sukari, na kupunguza samli na siagi. Mtindi wa dukani wenye sukari nyingi na rangi unapaswa kuhesabiwa pamoja na vinywaji vitamu. Mwenye maradhi ya figo anapaswa kufuata maelekezo ya daktari wake.

Kwa familia za Shinyanga na Geita, hakuna chakula kigeni kinachohitajika ili kula kama inavyoshauriwa na madaktari wa moyo. Kinachohitajika ni dona badala ya sembe, kunde na mboga za majani katika kila mlo, soda kwa nadra, na bakuli la maziwa ya mgando yaliyochemshwa kwanza, likianza kwa mama na mtoto.